Jinsi ya Kupanga Vinara wa Homurani wa Msimu Bila Kukosea: Mwongozo Kamili

Msimu wa besiboli ukiisha, swali huwa moja: nani kinara wa homurani, yaani pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kuingiza pointi? Na majedwali ninayotumiwa na wasomaji huja na makosa yale yale. Mmoja amechanganya ligi mbili. Mwingine amejumlisha mechi za mtoano. Wa tatu ameona mchezaji ana homurani nane mwezi Aprili, akatangaza kwamba rekodi inavunjwa mwaka huu.

Wanaokosea si wavivu. Takwimu za besiboli ni nyingi mno, na zimepangwa kwa ajili ya watu waliozisoma tangu utotoni. Ndiyo maana hapa nakwenda hatua kwa hatua, na kila hatua na sababu yake. Mfano wetu mkuu ni msimu wa 2022 wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, MLB. Pale mfano huo usipotosheleza, nitachukua misimu mingine.

## Utakavyohitaji

- Daftari lenye mistari, au programu ya majedwali kwenye simu.
- Kikokotoo.
- Kalamu za rangi mbili. Usizidharau, utaona kazi yake kwenye hatua ya kwanza.
- Takwimu za msimu mmoja kutoka tovuti rasmi ya MLB au Baseball-Reference. Chagua chanzo kimoja ukae nacho mpaka mwisho.
- Saa moja isiyo na haraka.

Jifunze pia vifupisho vinne vya juu ya safu. HR ni homurani. G ni mechi alizocheza. PA ni zamu zote alizosimama na gongo mbele ya mrushaji. AB ni zamu rasmi, yaani zile zinazobaki baada ya kutoa mara alizopewa kituo cha kwanza bure kwa mipira minne mibaya, mara alizogongwa na mpira, na mara alizojitoa mhanga ili mwenzake asonge mbele.

Ukichanganya PA na AB, hatua ya sita yote itaharibika. Ziandike kwenye safu mbili tofauti tangu mwanzo.

## Hatua ya 1: Tenganisha ligi mbili

MLB ni nyumba yenye vyumba viwili: Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa. Kila moja ina timu 15, na kila moja ina kinara wake wa homurani. Kwa hiyo msimu mmoja unakupa majibu matatu: kinara wa Amerika, kinara wa Taifa, na aliyepiga nyingi kuliko wote.

Tumia kalamu ya bluu kwa Amerika na nyekundu kwa Taifa. Kila jina liandikwe kwa rangi ya ligi yake kabla hujaandika namba yoyote.

Kwa nini nasisitiza? Mtu akikuuliza “nani aliongoza 2022?” nawe ukajibu Aaron Judge, umejibu nusu. Judge wa New York Yankees aliongoza Ligi ya Amerika kwa homurani 62, ambayo ni rekodi ya ligi hiyo. Aliipita 61 ya Roger Maris ya mwaka 1961. Ligi ya Taifa iliongozwa na Kyle Schwarber wa Philadelphia Phillies kwa 46. Schwarber ni kinara kamili, na kumwita “wa pili” ni kumnyang'anya taji lake.

Umefaulu ikiwa: hakuna jina lisilo na rangi kwenye ukurasa wako.

## Hatua ya 2: Jua kinachohesabika na kisichohesabika

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Homurani ya kawaida ni mpira uliopigwa ukavuka uzio ukiwa bado hewani, ndani ya mistari miwili ya pembeni. Mpira ukigonga nguzo ya pembeni ni homurani. Mpira ukimgusa mlinzi kisha ukavuka uzio bila kudunda chini, nao ni homurani. Mwaka 1993 mpira uliopigwa na Carlos Martínez wa Cleveland ulimgonga José Canseco kichwani ukapitiliza nje ya uzio, na Martínez akaandikiwa homurani yake.

Mpira ukidunda chini kwanza ndipo ukavuka uzio, mpigaji anapewa vituo viwili tu. Hiyo si homurani hata kama mashabiki wamesimama kushangilia.

Ipo pia homurani ya mbio: mpira haujatoka uwanjani, lakini mpigaji amezunguka vituo vyote vinne kabla walinzi hawajaurudisha, na hakuna kosa la mlinzi lililomsaidia. Nayo ni moja, sawa na nyingine zote.

Mpigaji lazima aguse vituo vyote. Katika mtoano wa 1999, Robin Ventura wa New York Mets aliupiga mpira ukavuka uzio, lakini wenzake wakamvamia kwa furaha kabla hajafika kituo cha pili. Hakumaliza mzunguko. Kitabuni akaandikiwa pigo la kituo kimoja.

Sasa yasiyoingia kwenye jedwali lako:

- Mechi za maandalizi za Februari na Machi.
- Shindano la homurani la wiki ya mechi ya nyota (mechi ya maonyesho ya wachezaji bora wa ligi mbili), na mechi hiyo ya nyota yenyewe.
- Mechi zote za mtoano, hadi fainali.

Mfano wa mtoano ni Randy Arozarena wa Tampa Bay Rays mwaka 2020. Msimu wa kawaida alipiga 7, kisha mtoano akapiga 10, rekodi ya mtoano mmoja. Kwenye jedwali la vinara wa msimu jina lake linabeba 7, si 17.

Kuna mechi za Machi ambazo zinahesabika, nazo huwachanganya watu: zile za kufungua msimu ughaibuni. Dodgers na Padres walipocheza Seoul Machi 2024, na Dodgers na Cubs walipocheza Tokyo Machi 2025, zilikuwa mechi halali za ligi. Tazama aina ya mechi, usitazame mwezi.

Jambo jingine ni mechi ya 163, ya ziada juu ya mechi 162 za msimu wa kawaida wa kila timu. Hadi utaratibu huo ulipofutwa kuanzia 2022, timu mbili zikilingana kwa idadi ya ushindi katika kuwania nafasi ya mtoano zingeweza kucheza mechi moja ya ziada, na takwimu zake ziliingia msimu wa kawaida. Mwaka 2018 Nolan Arenado na Trevor Story wa Colorado Rockies walipiga homurani moja kila mmoja katika mechi hiyo dhidi ya Dodgers. Arenado akamaliza na 38 na taji la Ligi ya Taifa. Story akafikisha 37. Anayekata hesabu kwenye mechi ya 162 hupata namba pungufu kwa wote wawili, kisha hushangaa kwa nini hazilingani na kitabu.

Onyo: usichanganye homurani na pointi zilizoingia. Mpigaji akiukuta uwanja una wakimbiaji kwenye vituo vyote vitatu akapiga homurani, timu inapata pointi nne, lakini safu ya HR inapanda kwa moja. Ukiona “homurani” 131 za Judge mwaka 2022, umesoma safu ya pointi alizoziingiza, ile ya RBI.

## Hatua ya 3: Andika orodha mbichi

Panga kuanzia namba kubwa kwenda ndogo, kila ligi peke yake. Kwa 2022 Ligi ya Amerika inaanza hivi:

1. Aaron Judge, Yankees: 62
2. Mike Trout, Angels: 40
3. Yordan Álvarez, Astros: 37

Ligi ya Taifa:

1. Kyle Schwarber, Phillies: 46
2. Pete Alonso, Mets: 40
3. Austin Riley, Braves: 38

Sio lazima mchezaji awe amecheza idadi fulani ya mechi ndipo aingie. Sharti la zamu 502 unalolisikia ni la wastani wa kupiga, ambao ni kiwango. Homurani ni hesabu ya jumla, kama mabao. Trout alicheza mechi 119 tu mwaka ule kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na bado ni wa pili kihalali.

## Hatua ya 4: Shughulikia waliohama katikati ya msimu

Shabiki wa soka atalielewa hili upesi. Mshambuliaji akiondoka Ligi Kuu ya Tanzania Bara dirisha dogo akaenda kucheza Kenya, mabao yake ya Bara hayamfuati. Kule anaanza sifuri.

Besiboli ni hivyo hivyo kati ya ligi mbili. Akihama kutoka timu hadi timu ndani ya ligi ileile, jumlisha. Akivuka kutoka Amerika kwenda Taifa, gawa.

Kesi inayofundisha kuliko zote ni Mark McGwire mwaka 1997. Alipiga 34 akiwa na Oakland katika Ligi ya Amerika. Julai 31 akauzwa kwa St. Louis Cardinals wa Ligi ya Taifa, akapiga 24 zaidi. Jumla 58, na hakuna aliyepiga nyingi kama yeye mwaka huo. Hata hivyo hakupata taji la ligi yoyote. Amerika iliongozwa na Ken Griffey Jr. wa Seattle kwa 56, na Taifa ikaongozwa na Larry Walker wa Colorado kwa 49.

Fanya hivi: mchezaji aliyevuka ligi aandikwe mara mbili, bluu na nyekundu, kila mara kwa homurani za ligi hiyo tu. Jumla yake iandike kwenye orodha ya tatu, ya wote.

Onyo: Baseball-Reference humpa mchezaji aliyehama mstari wa jumla pamoja na mstari wa kila timu. Ukinakili mistari yote mitatu ukajumlisha, McGwire anakuwa na 116. Nimelipokea jedwali la namna hiyo zaidi ya mara moja.

Umefaulu ikiwa: ukifanya zoezi la 1997, majibu yako matatu ni Griffey 56, Walker 49, McGwire 58. Mpaka uyapate, usiendelee.

## Hatua ya 5: Sare zibaki sare

Waliolingana wanashirikiana nafasi, na nafasi zinazofuata zinarukwa. Orodha ya wote ya 2022 inakwenda hivi: Judge wa kwanza kwa 62, Schwarber wa pili kwa 46, Trout na Alonso wa tatu kwa pamoja wakiwa na 40, kisha Riley wa tano kwa 38. Hakuna wa nne.

Usitafute kigezo cha kuwatenganisha. Hakuna cha mechi chache wala cha herufi ya jina. Mwaka 1981, msimu uliokatwa na mgomo, Ligi ya Amerika ilikuwa na vinara wanne wenye 22 kila mmoja: Tony Armas, Dwight Evans, Bobby Grich na Eddie Murray. Wote wanne wameandikwa kuwa vinara.

## Hatua ya 6: Ongeza safu ya kiwango

Hesabu ya jumla ndiyo inayotoa taji. Lakini ukitaka kujua nani alikuwa hatari zaidi kila alipokamata gongo, gawa AB kwa HR. Unapata idadi ya zamu rasmi kwa kila homurani, na namba ndogo ndiyo nzuri.

- Judge: 570 ÷ 62 = 9.19
- Trout: 438 ÷ 40 = 10.95
- Schwarber: 577 ÷ 46 = 12.54
- Álvarez: 470 ÷ 37 = 12.70
- Alonso: 597 ÷ 40 = 14.93

Tazama Trout na Alonso. Wana homurani 40 kila mmoja, lakini Alonso alihitaji zamu 159 zaidi kuzifikisha. Kwangu mimi, msimu wa Trout wa 2022 haujapewa heshima inayostahili, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama Judge na wakasoma safu moja tu.

Kisha rudia hesabu kwa PA. Sababu yake ni Barry Bonds. Mwaka 2001 alipiga homurani 73, rekodi ya msimu mmoja hadi leo, katika AB 476: moja kila zamu rasmi 6.52. Lakini warushaji walimwogopa kiasi kwamba mara 177 alipata kituo cha kwanza bure, na zamu hizo hazimo kwenye AB. Kwa zamu zote 664, kiwango chake ni 9.10. Judge wa 2022 kwa zamu zote 696 ni 11.23. Pengo kati yao linapungua ukitumia PA, kwa kuwa PA inamhesabia mpigaji hata zamu ambazo hakupewa mpira wa kupiga.

AB inakuambia alifanya nini aliporuhusiwa kupiga. PA inakuambia timu ilivuna nini kila alipojitokeza. Ziandike zote mbili, na useme wazi umetumia ipi.

Onyo: kamwe usipange taji kwa safu hii. Mchezaji wa akiba mwenye homurani 3 katika zamu 20 atawapita wote, na hilo halina maana yoyote.

## Hatua ya 7: Makadirio ya msimu unaoendelea

Hesabu ni hii: homurani ÷ mechi ambazo timu imecheza × 162.

Tumia mechi za timu, usitumie za mchezaji. Ukitumia za mchezaji unadhani hataumia tena wala hatapumzishwa, na wapigaji wengi hukosa mechi kadhaa kila mwaka.

Sasa ile homa ya Aprili. Tuseme mchezaji ana 8 na timu yake imecheza mechi 20. Hesabu inasema 65. Kabla hujaiandika, chukua msimu wake uliopita. Kama alipiga 30 katika mechi 162, kwa mwendo huo mechi 142 zilizobaki zitampa kama 26. Ongeza 8 alizonazo, unapata 34. Andika namba zote mbili, 34 na 65, na uitegemee zaidi ile ya chini mpaka timu ifikishe mechi 80 hivi. Mwezi mmoja wa moto ni jambo la kawaida. Miezi sita ya moto ni Judge.

Hata makadirio mazuri si matokeo. Mwaka 1994 Matt Williams wa San Francisco Giants alikuwa na 43 timu yake ilipokuwa imecheza mechi 115. Piga hesabu: 60.6, kwenye mlango wa 61 ya Maris, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya MLB nzima. Agosti wachezaji wakagoma, na msimu haukurudi. Williams aliongoza Ligi ya Taifa kwa 43, na 43 ndiyo inayoandikwa.

Na saa, kwa msomaji aliyeko Afrika Mashariki. Mechi ya New York inayoanza saa moja jioni kwao huanza saa nane usiku kwetu, tarehe ya kesho yake. Ya Los Angeles ya saa moja jioni huanza saa kumi na moja alfajiri yetu. Ukinakili jedwali saa moja asubuhi, timu za mashariki zimemaliza na za magharibi bado zinacheza. Umelinganisha watu wenye idadi tofauti ya mechi. Subiri ifike saa nne asubuhi, na juu ya ukurasa uandike tarehe ya Marekani.

## Hatua ya 8: Upime msimu wenyewe

Homurani 50 za mwaka mmoja si sawa na 50 za mwaka mwingine. Mwaka 2019 MLB nzima, ligi zote mbili, ilipiga 6,776, rekodi. Mwaka 2022 ilipiga 5,215.

Gawa jumla hiyo ya MLB kwa homurani za kinara. Alonso aliongoza 2019 kwa 53: katika kila homurani 128 za MLB, moja ilikuwa yake. Judge 2022: moja katika kila 84. Mwaka ambao mpira haukutaka kuruka, yeye aliurusha. Hiyo ndiyo namba ninayompa mtu anayeuliza kwa nini 62 ya Judge iliwatikisa watu waliokwisha kuona 70 ya McGwire mwaka 1998 na 73 ya Bonds.

Msimu wa 2020 uachie nafasi yake. Kila timu ilipangiwa mechi 60 tu, na Luke Voit wa Yankees akaongoza kwa 22. Usizizidishe hadi 162. Andika 22, na pembeni andika “mechi 60”.

Viwanja ni hadithi ndefu. Uzio wa kulia wa Yankee Stadium uko kama mita 96 tu kwenye kona. Uwanja wa Colorado uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huuacha mpira uende mbali. Lakini usimhukumu mtu kwa anwani. Fungua ukurasa wa mgawanyo wa nyumbani na ugenini. Wengi husema Larry Walker alibebwa na hewa ya Denver mwaka 1997. Kati ya homurani zake 49, alipiga 29 ugenini.

## Jedwali likikataa kulingana

Kwanza, angalia waliohama. Makosa mengi yamejificha hapo.

Pili, angalia kama chanzo chako kimewashwa kichujio cha “wenye sifa”. Kichujio hicho hukata walio na zamu chini ya 502 bila kukuambia. Trout wa 2022 alikuwa na PA 499, na hutoweka kabisa. Kizime.

Tatu, chukua timu moja ujumlishe homurani za wapigaji wake wote, wakiwemo waliokuja na kuondoka, lakini zile walizopiga wakiwa na timu hiyo tu. Lazima upate jumla ya timu kamili. Yankees wa 2022 wanatakiwa kufika 254. Ukipata 253, yupo mchezaji mmoja wa akiba uliyemruka. Rudi chini ya orodha, kwa wale wenye homurani moja moja, utamkuta.